Sadaka Inayobaki: Fukara na Upasuaji wa Moyo

Mtoto aliyezaliwa na aina fulani ya maradhi ya moyo, akikimbia na wenziwe hatua kumi au kumi na tano, husimama ghafula, kisha huchuchumaa chini akayakumbatia magoti yake, na hukaa vivyo hivyo kitambo mpaka pumzi zimrudie. Midomo na kucha zake huwa zimeiva rangi ya zambarau. Na mama yake, ambaye hakufundishwa utabibu na mtu, amekwisha kujua kwa kuona mara nyingi kwamba akimwacha achuchumae atapata nafuu, na akimwinua kwa nguvu huenda akazimia. Matabibu wana maelezo ya jambo hilo: kuchuchumaa huibana mishipa ya miguu, na damu nyingi zaidi ikasukumwa kwenda mapafuni kutwaa hewa safi. Maradhi hayo yana tiba, tena tiba iliyojulikana duniani kabla ya wazazi wa mtoto huyo kuzaliwa; kinachomtenga nayo ni ufukara wa nyumba yao na umbali wa nchi yao na vyombo vya kazi hiyo. Makala haya ni mintarafu ya watu waliojitolea kuupunguza umbali huo kwa sadaka, jinsi wanavyoupunguza, na ni ipi katika njia zao iliyo bora zaidi.

Wagonjwa wa moyo wanaohitaji kupasuliwa katika nchi zetu aghalabu ni wa makundi mawili, na yafaa kuyapambanua kwa kuwa kila moja lina hukumu yake. Kundi la kwanza ni la waliozaliwa na ila: tundu katika ukuta unaotenga vyumba vya moyo, mshipa uliopaswa kujifunga baada ya kuzaliwa ukabaki wazi, au mkusanyiko wa ila nne unaoitwa kwa jina la tabibu Mfaransa, Fallot, ambao ndio unaomchuchumaza mtoto tuliyemtaja. Katika kila watoto 1000 wanaozaliwa hai, kiasi cha 8 huzaliwa na ila ya moyo, kubwa au ndogo. Na kwa nchi kama Tanzania, inayopata watoto zaidi ya milioni 2 kila mwaka, hesabu hiyo ni watoto wasiopungua 16,000. Si wote wanaohitaji kisu, maana matundu mengine hujifunga yenyewe. Lakini kwa baadhi yao kuchelewa mwaka mmoja ni jambo la uhai na mauti.

Kundi la pili ni la wale waliozaliwa na moyo mzima, ukaja ukaharibiwa na maradhi ya koo. Mtoto wa miaka mitano hadi kumi na mitano hupatwa na uele wa koo unaoletwa na bakteria, na nyumbani husemwa kuwa ni mafindofindo tu, atapona. Naye hupona kweli. Lakini baada ya wiki mbili au tatu viungo vyake huanza kuvimba na kuuma kwa zamu, leo goti, kesho kiwiko, na homa ikarudi. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi, ambayo ndani yake mwili, katika kupigana na adui, hukosea shabaha ukaujeruhi moyo wake wenyewe. Ikirudi mara ya pili na ya tatu, milango ya moyo, ambayo matabibu huiita vali, hukunjamana na kukakamaa hata isifunguke vyema wala kufunga vyema. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa maradhi haya huua watu zaidi ya 300,000 kwa mwaka, na karibu wote ni watu wa nchi maskini, ambako nyumba zina msongamano na zahanati ziko mbali. Wanawake wengi hawaijui habari yao mpaka wachukue mimba, kwa kuwa mimba huuongezea moyo mzigo, na mtu aliyedhani ni mzima hujikuta hawezi kulala ila kwa kuegemezwa mito.

Ni nini basi kinachoifanya tiba hii iwe ghali hata ikawa haifikiki bila ya hisani? Historia yake ni fupi na inasema mengi. Mwaka 1938 Robert Gross, mjini Boston, aliufunga mshipa uliobaki wazi karibu na moyo wa mtoto. Tarehe 29 Novemba 1944, mjini Baltimore, Alfred Blalock alimpasua mtoto mchanga mwenye maradhi ya Fallot kwa njia iliyobuniwa kutokana na fikira za tabibu wa kike, Helen Taussig. Na nyuma ya Blalock, akimwelekeza hatua kwa hatua, alisimama Vivien Thomas, Mmarekani mweusi aliyekuwa ameifanyia majaribio kazi hiyo kwa mikono yake mwenyewe, lakini ambaye umaskini ulikuwa umemnyima kusoma udaktari. Lakini moyo wenyewe haukuweza kufunguliwa kwa utulivu mpaka tarehe 6 Mei 1953, pale John Gibbon, mjini Philadelphia, alipoitumia kwa ufanisi mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu wakati moyo umesimamishwa.

Siku hizi kazi hiyo huwa kama ifuatavyo. Mfupa wa kifua hukatwa kwa msumeno, damu ya mgonjwa hupitishwa katika mipira hadi kwenye mashine ikatiwa hewa na kurudishwa mwilini, na moyo hutiliwa dawa yenye potasiamu ukatulia kabisa. Mpasuaji huliziba tundu kwa kiraka kilichokatwa katika utando wa moyo wenyewe au kwa kitambaa maalumu, akakishona kwa uzi mwembamba mfano wa unywele. Kisha damu hurudishwa, na moyo uliokuwa umelala huanza kupiga tena. Kazi hiyo si ya mtu mmoja. Yuko msaidizi wa mpasuaji, mtaalamu wa dawa ya usingizi, mwendesha mashine, wauguzi wa chumba cha upasuaji, watu wa benki ya damu, na wauguzi wa chumba cha wagonjwa mahututi, ambako kitanda kimoja huhitaji muuguzi wake mchana na usiku. Mpasuaji aliyekosa watu hao ni nahodha asiye na mabaharia. Na gharama kubwa ya upasuaji wa moyo ndiyo gharama ya kuwaweka watu wote hao pamoja, wamefundishwa, wana vifaa, na wamezoeana.

Sasa tumfuate mgonjwa fukara njiani. Kwa kawaida huanzia zahanati ya mtaani, ambako hutibiwa kichomi mara kadhaa kabla ya mtu mmoja mwenye sikio la makini kuutega moyo wake na kusikia mlio usiokuwa wake. Hapo hupewa rufaa kwenda hospitali kubwa, na huko hupimwa kwa kipimo cha eko, ambacho humwonyesha daktari moyo ukicheza katika kioo. Ikithibitika kuwa ni lazima apasuliwe, mzazi huambiwa gharama, na gharama hiyo hupita thamani ya shamba na mbuzi na kila alichonacho. Ndipo hutumwa kwa afisa wa ustawi wa jamii, naye humtaka barua ya serikali ya mtaa, au ya sheha ikiwa ni Unguja au Pemba, ya kushuhudia kuwa hana uwezo. Barua hiyo, yenye mistari michache na mhuri mmoja, ndiyo ufunguo wa mlango wa sadaka. Na asiyejua kuwa barua hiyo ipo hurejea kwao na mtoto wake. Nataka msomaji alitie jambo hili moyoni, kwa kuwa wengi huzikosa fadhila zilizokwisha kutengwa kwa ajili yao kwa sababu hapana aliyewaelekeza.

Baada ya barua huja jambo zito kuliko yote, nalo ni kuchagua. Fedha za sadaka zina mwisho, na vitanda vina hesabu. Kwa hiyo madaktari huketi pamoja wakayatazama majina, mmoja baada ya mmoja. Mtu wa nje hudhani kuwa atatangulizwa aliye mgonjwa zaidi, lakini mara nyingi sivyo. Mtoto mwenye tundu kubwa la moyo akiachwa miaka mingi, mishipa ya mapafu yake hukakamaa kwa shindo la damu, na ikifika hapo kuliziba tundu ni kumwua. Tabibu hana la kufanya ila kumtuliza. Wanaokataliwa katika kikao kile aghalabu hawakataliwi kwa kukosa haki, hukataliwa kwa kuchelewa. Insafu katika kazi hii, basi, huanza mbali na meza ya madaktari: huanza kwa mkunga anayekiangalia kifua cha kitoto kichanga, na muuguzi wa kliniki anayeuliza kwa nini mtoto hutoka jasho akinyonya, wala haongezeki uzito.

Njia ambazo hisani imezipita kumfikia mgonjwa huyu ni tatu, na ya kwanza ni kumchukua mgonjwa kumpeleka aliko tabibu. Mfano wake mashuhuri unatuhusu sisi watu wa pwani. Mwaka 1995 daktari Ami Cohen, mzaliwa wa Marekani aliyekuwa amehamia Israeli, aliasisi katika hospitali ya Wolfson, mjini Holon, shirika liitwalo Save a Child's Heart, la kuwapasua watoto wa nchi zisizo na huduma hiyo bila ya kuwatoza wazazi wao kitu. Maelfu ya watoto wamepita hapo, sehemu kubwa yao kutoka Gaza na Ukingo wa Magharibi, na wengine wengi kutoka Afrika, wakiwamo mamia wa Tanzania Bara na Zanzibar, ambao huchaguliwa katika kliniki zinazofanywa huku kwetu, ile ya hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, ikiwa mojawapo. Cohen mwenyewe alifariki mwezi Agosti 2001 akiupanda mlima Kilimanjaro. Mtu aliyewatibu watoto wa nchi hii akafia katika ardhi ya nchi hii.

Fadhila ya njia hiyo ni kwamba huokoa leo, bila ya kungoja jengo wala bajeti. Dhiki yake ni kwamba mtoto huondoka kwao kwa wiki nyingi, hulazwa miongoni mwa watu asioijua lugha yao, na mara nyingi mzazi hubaki nyuma. Kila safari huhitaji pasi, viza na tikiti. Na wanaosafiri ni wachache mno mbele ya wanaongoja. Serikali nazo zimeipita njia hiyo hiyo: kwa miaka mingi Tanzania ilikuwa ikiwapeleka wagonjwa wake wa moyo India, na fedha iliyomtibu mgonjwa mmoja huko iliondoka nchini bila ya kuacha nyuma yake hata muuguzi mmoja aliyejifunza.

Njia ya pili ni kumleta tabibu aliko mgonjwa. Kundi la wataalamu huja kwa wiki moja au mbili, na masanduku ya vali na nyuzi na dawa, hufanya kambi, hupasua kutwa kucha, kisha hurejea kwao. Hospitali ya Muhimbili, mjini Dar es Salaam, ambako upasuaji wa moyo ulianza mwaka 2008, na ambako mwaka 2015 palisimamishwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete katika jengo lililojengwa kwa msaada wa China, imepokea makundi kama hayo kutoka Australia, Marekani, Israeli, Uingereza na Saudi Arabia. Na Kigali pia kundi la wataalamu wa Boston, Team Heart, limekuwa likifika mwaka baada ya mwaka. Kambi ina hatari yake: mgeni akipasua peke yake na mwenyeji akabaki kushika taa, basi siku ndege ya mgeni inapopaa chumba cha upasuaji hufungwa, na wagonjwa hukaa wakihesabu miezi hata kambi nyingine. Lakini mgeni akimpa mwenyeji kisu na yeye akashika nafasi ya msaidizi, kambi hugeuka kuwa chuo. Yaliyotokea Dar es Salaam ni ushahidi wa hilo, kwani taasisi ile leo inapasua kwa mikono ya Watanzania mwaka mzima, na kambi zimekuwa nyongeza juu ya kazi ya kila siku.

Njia ya tatu ni kulijenga jambo lenyewe mahali penye wagonjwa na kuliacha hapo. Profesa Magdi Yacoub, Mmisri aliyezaliwa mwaka 1935 na ambaye utotoni aliona shangazi yake akifa kijana kwa maradhi ya vali ya moyo, alijipatia sifa kuu Uingereza, kisha akarudi na kuasisi kituo cha moyo Aswan mwaka 2009, kinachotibu bure. Kabla yake, mwaka 2007, shirika la Kitaliano la Emergency, chini ya mpasuaji Gino Strada, lilifungua Kituo cha Salam huko Soba, kusini ya Khartoum, kando ya Nili ya Buluu, kuwatibu bila ya malipo Wasudani na watu wa mataifa mengine mengi ya Afrika. Wasemao kwamba fukara hutosheka na kilicho duni walijibiwa kwa kazi: nyumba za wafanyakazi zilijengwa kwa makontena yaliyokuwa yameleta vifaa vya ujenzi, na kituo kizima kikapewa Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo mwaka 2013. Kisha, mwezi Aprili 2023, vita vikaushukia mji ule ule, tukakumbushwa kuwa hata sadaka iliyojengwa kwa mawe huitegemea amani.

Wako wanaouliza kama ni halali kutumia fedha nyingi kwa moyo mmoja, hali malaria na utapiamlo vinaua wengi kwa gharama ndogo. Swali hilo si la kudharauliwa. Ila waulizao hilo husahau mambo mawili. Kwanza, mtoto anayezibwa tundu la moyo kwa wakati wake hapungukiwi na kitu baadaye: hukua, husoma, hufanya kazi, huoa au huolewa, na umri wote huo ndio faida ya siku moja ya kazi. Pili, hospitali inayoweza kupasua moyo ni hospitali ambayo benki yake ya damu, maabara yake, hewa yake ya oksijeni na wauguzi wake wa wagonjwa mahututi viko sawasawa, na vitu hivyo havimjui mgonjwa wa moyo tu. Mama anayetokwa na damu katika uzazi hunufaika navyo usiku ule ule.

Limesalia jambo ambalo katika picha za shukrani halionekani. Kwa mtoto wa tundu, upasuaji aghalabu ndio mwisho wa safari. Kwa kijana aliyebadilishiwa vali, ndio mwanzo wake. Vali ya chuma hudumu, lakini damu hupenda kuganda juu yake, na kwa sababu hiyo mgonjwa lazima ameze warfarini kila siku maisha yake yote, na damu yake ipimwe mara kwa mara: dawa ikizidi, atatokwa na damu, ikipungua, vali itaziba au atapatwa na kiharusi. Hata chakula kina hesabu yake, kwani mchicha, kisamvu na matembele vikiliwa leo kwa wingi na kesho visiliwe, nguvu ya dawa huyumba. Msichana akichukua mimba, dawa hiyo hiyo yaweza kumdhuru mtoto tumboni. Ziko vali zinazotengenezwa kwa nyama ya mnyama, zisizohitaji dawa hiyo, lakini katika mwili wa kijana huchakaa baada ya miaka, na kisu hurudi mara ya pili. Shirika linalotoa vali bila ya kuuliza ni nani atakayempima damu mgonjwa huyo mwezi ujao, katika kijiji chake au kisiwa chake, limefanya nusu ya ihsani.

Na ikiwa tunatafuta iliyo rahisi kuliko zote, iko tayari. Koo lenye bakteria likitibiwa kwa penisilini mapema, homa ya baridi yabisi haiji. Na aliyekwisha kupatwa nayo akidungwa sindano ya penisilini ya benzathini kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka mingi bila ya kukatiza, moyo wake husalimika na shambulio jipya. Katika jimbo la Pinar del Río, nchini Cuba, walishika njia hiyo tangu 1986 hadi 1996, wakawafundisha walimu, wazazi na wauguzi, na homa hiyo ikapungua sana. Mwezi Mei 2018 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzitaka serikali zote kuukabili uele huu. Sindano haina jengo la kuzinduliwa wala utepe wa kukatwa, na kwa ajili hiyo haiwavutii wafadhili; lakini huokoa moyo kabla haujahitaji kufunguliwa.

Hukumu yangu katika yote haya ni moja. Watu wa pwani, tangu zama za mababu, wamepambanua sadaka ya siku na sadaka jariya: anayempa mwenye kiu kata ya maji ametenda wema, na anayechimba kisima ametenda wema unaoendelea hata baada ya yeye kufukiwa. Mtoto aliyepelekwa ng'ambo akarudi mzima ni kata ya maji, na hapana mwenye moyo atakayeidharau. Kisima ni daktari Godwin Godfrey Sharau, Mtanzania aliyekwenda Holon kujifunza kwa miaka kadhaa katika hospitali ile ile iliyokuwa ikiwapokea watoto wa kwao, kisha akarejea nyumbani kuwa mpasuaji wa moyo wa watoto; na kisima vile vile ni kila muuguzi na kila mwendesha mashine aliyefundishwa pamoja na wenziwe. Na juu ya visima vyote lazima uwepo mfereji wa nchi nzima, yaani bima. Tanzania imekwisha kuitungia sheria Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na kazi iliyobaki ni kuifikisha kwa mtu asiye na mshahara, ili haki ya mgonjwa isitegemee tena mhuri wa barua na huruma ya mgeni.

Kwa hiyo, ewe msomaji uliyejaliwa mali, ukitaka kutoa kwa ajili ya moyo, uliza kwanza sadaka yako itabaki na nani baada ya kambi kufungwa, na ukipata jibu, toa bila ya ajizi. Wewe mzazi, ukimwona mwanao anachuchumaa katikati ya mchezo, au hanyonyi bila ya kutoka jasho, au amevimba viungo baada ya kuumwa na koo, mpeleke hospitali leo, na ukiambiwa gharama usiyoiweza, usirudi nyumbani kabla ya kuuliza iliko ofisi ya ustawi wa jamii. Nawe uliyekwisha kupasuliwa ukajiona mzima, usiache dawa, wala usiache sindano yako ya kila mwezi.